Mama Santa na Mifarishi Sitini Iliyovaa Viatu

Ijumaa hii, tarehe 30 Julai 1999, saa kumi na nusu jioni, Mama Santa Adong atafunika cherehani yake na kuiaga Karakana ya Navin na Rakesh hapa Jinja, baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa na miezi mitano kasoro siku tatu. Siku tatu hizo amesisitiza zitajwe. Nilipomwambia kwamba katika programu za sherehe watu husema "karibu miaka thelathini", alinitazama vile anavyotazama mshono uliopinda, nikafuta.

Mama Hemlata, mke wa Bwana Navin, ndiye aliyeniomba niandike ukurasa mmoja. Nimejaribu, nimeshindwa. Mimi ni karani wa karakana hii tangu Mei 1994. Nililelewa Kisumu kwa shangazi yangu, nikapata tuzo ya Kiswahili shuleni, na kwa muda mrefu niliamini kwamba tuzo hiyo inatosha kuendeshea maisha. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu humu ndani tuna Wasoga, Wagisu, Waacholi na Wagujarati, na Kiswahili ndiyo lugha ambayo kila mmoja wetu huivunja kwa mkono wake, kwa hiyo hakuna anayeonewa.

Mama Santa alizaliwa Kitgum. Alifundishwa kushona na masista wa misheni, akaolewa na Mzee Romano, askari magereza, akaja naye Jinja mwaka 1968. Tarehe 2 Machi 1970, siku ya Jumatatu, marehemu baba yake Bwana Navin alimwajiri kushona vifungo vya mashati ya shule. Wiki ya pili alipewa kola. Mwezi wa tatu alimwambia fundi mkuu kwamba mikono ya mashati yote inaelekea nyuma, kana kwamba watoto wa Jinja huandika migongoni mwao. Fundi mkuu alikasirika, akapima, akapima tena. Tangu siku hiyo mikono ikawa yake.

Mwaka 1972 wenye karakana waliondoka nchini kama Wahindi wenzao wote, nasi tunajua yaliyofuata, hayahitaji kuharibu sherehe. Karakana ilipita mikononi mwa wakubwa mbalimbali. Mafundi walishona sare, walishona bendera, na kuna mwaka mzima walioshona mifuko ya chumvi tu. Wakubwa walikuja na kwenda. Mama Santa alikuja kila asubuhi na kuketi kwenye cherehani ya nne, karibu na dirisha.

Hapo ndipo Bwana Navin alipomkuta aliporudi Aprili 1993. Alikuwa ameondoka kijana wa miaka kumi na tisa, akarudi na mvi na miwani. Anasema alisimama mlangoni akiwa tayari kulia, na tayari kuliliwa. Mama Santa alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akasema, "Wewe nachelewa. Sindano kwisha." Bwana Navin alitoka moja kwa moja kwenda kununua sindano, na kilio kikaahirishwa hadi leo.

Inafaa niseme jambo kuhusu Kiswahili hicho. Mama Santa alikijifunza kwenye nyumba za askari magereza, na katika nyumba zile Kiswahili hakikuwa cha kuombea chumvi. Kilikuwa cha amri. Ndiyo maana anaitwa Afande humu ndani, ingawa hajavaa sare hata siku moja. Anakagua pindo kama gwaride. Uzi ukikatika anauambia "Geuka!" Miezi yangu ya kwanza niliamini kwamba hajui neno "tafadhali". Baadaye niligundua kwamba analijua sana, ila amelitengea sindano. Sindano ikikataa kupitisha uzi, yeye huinama karibu nayo na kuinong'oneza "tafadhali, mama", na mara nyingi inakubali. Sisi wengine hatujawahi kuwa sindano.

Mifarishi ililetwa na Mama Hemlata. Kwa mgeni atakayesoma programu hii: mfarishi ni blanketi nene la viraka vya rangi rangi, lililojazwa pamba katikati na kushonewa mistari ili pamba isikimbie. Kamusi inasema mfarishi. Mama Hemlata anasema godadi. Wateja wetu wa kwanza walisema ni godoro lililokonda. Mama Santa alisema ni kazi. Alijifunza kwa Mama Hemlata muda wa wiki tatu, na wiki ya nne wakaanza kubishana, jambo ambalo kwa mafundi ni dalili ya heshima. Mabaki ya vitambaa yalitoka viwandani hapa mjini, pamba ikatoka Buwenge kwenye lori la Kirunda, dereva wetu, na kufikia mwanzo wa 1994 wanawake kumi na mmoja walikuwa wakishona mifarishi tu katika ukumbi wa nyuma.

Bwana Rakesh, mdogo wake Bwana Navin, aliutaka ukumbi huo uwe stoo ya sabuni. Simlaumu. Sabuni ilikuwa ikiondoka na mifarishi ilikuwa imekaa. Ndugu hao wawili walibishana Julai nzima, kisha Bwana Navin akatoka na sharti. Maonyesho ya biashara yalikuwa yafunguliwe Mbale, Alhamisi tarehe 11 Agosti, saa nne asubuhi. Mama Santa aende na mifarishi sitini, yote imetundikwa kabla ya lango kufunguliwa. Ikipata oda ya maana, ukumbi ubaki wa mifarishi, na yeye awe Msimamizi wa Karakana, cheo ambacho hakijawahi kushikwa na mwanamke tangu mlango huu ufunguliwe. Isipopata, wanawake kumi na mmoja waende nyumbani na sabuni iingie.

Mama Santa alisikiliza akiwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja, akasema, "Sawa, bwana." Cheo hicho alikitaka. Hakuficha, na mimi nitamsaidia kutoficha. Alikuwa amefundisha wasimamizi wanne kazi yao, wote wanaume, na kila mmoja alikuwa amemshukuru sana siku ya kupokea ufunguo.

Sasa naomba Bwana Navin, popote alipoketi, aegemee vizuri kwenye kiti chake.

Mama Hemlata alitaka kila mfarishi uwe na kitambaa cheupe katikati, kilichotariziwa kwa uzi mwekundu maneno mawili: LALA RAHA. Kutarizi si kazi yetu Jinja. Mikono ya kutarizi iko Mbale, chini ya mlima Wanale, nyumbani kwa Bi Nanyama, ambaye pamoja na wenzake watatu walikuwa wakitushonea maua na majina ya maharusi. Mpango ulikuwa huu: Mbale watarizi vitambaa sitini, watutumie, nasi tuvishone katikati ya mifarishi iliyokwisha kuungwa, tuijaze pamba, tukunje pindo, tuirudishe Mbale kwenye maonyesho.

Mama Santa aliniagiza mimi nipeleke maneno hayo. Nilikuwa katika miezi mitatu ya majaribio, ambayo ilikuwa inaisha wiki ile ile ya maonyesho. Aliniambia hivi: "Wewe andika kwa karatasi. Peana kwa Kirunda. Simu hapana iko na macho." Nikasema ndiyo, Mama. Lakini Kirunda alikuwa amekwisha kuegesha lori upande wa pili wa mji, jua lilikuwa la saa saba, na miguuni nilikuwa na viatu vipya visivyopenda watu. Simu ilikuwa pale pale mezani. Nikampigia Nanyama.

Simu ilikoroma kama kawaida yake. Nikataja maneno mara mbili, kisha, kwa kuwa nilikuwa na tuzo ya Kiswahili, nikaona nimsaidie kwa herufi. Lala, nikamwambia, ni kwa L. Raha ni kwa R. Akauliza R gani. Nikamjibu kwa sauti ya mwalimu, "R ya Rehemah!" Akasema, "Aa, sawa sawa, nimesikia." Nikakata simu nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Nanyama ni fundi wa kweli na ni rafiki yangu hadi leo, na leo yupo hapa miongoni mwetu. Lakini Nanyama, kama nusu ya Mbale na robo tatu ya Jinja, hajawahi kuniita Rehemah. Ananiita Lehema. Wote wananiita Lehema. Nilikuwa nimeitika jina hilo miezi mitatu bila kulifikiria. Akaandika L ya Lehema kwenye kiganja chake, akaketi na wenzake, wakatarizi vitambaa sitini vizuri ajabu.

Vilifika Jumanne asubuhi, siku mbili kabla ya maonyesho, na wanawake wakavirukia bila kupumua. Kufikia saa nane mchana, thelathini na nane vilikuwa vimeshonwa vikashikana. Hakuna aliyeona kitu. Ni Mama Santa, anayesoma polepole kwa kidole, aliyesimama juu ya mfarishi wa thelathini na tisa akauliza kwa nini raha inaanza kama lala.

Nikasogea. LALA LAHA. Mara sitini.

Katika Kiswahili cha vitabuni, laha ni karatasi. Tulikuwa tumeandaa vitanda sitini vya kuwaambia wateja walale karatasi. Nilitaka ardhi inimeze. Kilichonimaliza ni kwamba hakuna mwingine aliyeona tatizo. Patience, fundi wetu wa pindo, alisoma kwa sauti, "Lala laha," akageuka kwa wenzake, "sasa kosa liko wapi?" Na wenzake wakasoma kwa pamoja, lala laha, wakatikisa vichwa: kweli, kosa liko wapi? Nikasema mnapaswa kusoma raha, wakasema ndivyo tulivyosoma.

Mama Santa hakuniuliza ni nani. Alijua kwamba karatasi haikuandikwa, maana Kirunda alikuwa amekwisha kumwambia hakupewa kitu. Alichukua chaki, akachora herufi L sakafuni, akaizunguka mara moja kama mtu anayenunua mbuzi. Kuifumua herufi ile yote kungekula siku nzima, kwani Nanyama hushona ili kitu kisifumuke. Akachora tumbo la juu. Akachora mguu wa pembeni. "Hii L si mbaya," akasema. "Ni R bado hapana pata kichwa. Tia kichwa, tia mguu. Maliza!"

Patience akauliza na ule mstari wa chini wa L, je, tuufumue? Mama Santa akatazama saa ya ukutani, akasema uachwe. "Hiyo ni viatu yake."

Basi wakaanza kuvisha herufi vichwa. Mji wetu unazalisha umeme wa nchi nzima, na mchana ule umeme ukakatika, kama kawaida ya mpishi anayelala njaa. Cherehani za umeme zikakaa kimya, za miguu zikapiga kelele, na waliobaki wakashona kwa mkono. Mama Santa alipita kati yao akihesabu kwa sauti, na kila alipofika nyuma ya mtu, mtu huyo alishona haraka zaidi. Mimi niliyekuwa na tuzo nilipewa kazi ya kutia nyuzi kwenye sindano. Nilitia nyuzi kwenye sindano hadi nikaziona hata nikiwa nimefumba macho.

Jumatano saa sita mchana lori la Kirunda lilikuwa limewashwa, na mifarishi ishirini na sita haijakunjwa pindo. Mama Santa aliamuru ipakiwe hivyo hivyo, pamoja na washonaji. Wanawake sita walipanda nyuma ya lori, wakaketi juu ya mifarishi iliyokwisha, wakafunua isiyokwisha magotini, na Kirunda akaambiwa kwamba akigonga shimo moja sindano zitamtafuta yeye. Kirunda aliendesha hadi Iganga kama amebeba mayai. Watu wa kando ya barabara walisimama kutazama: lori la mizigo limejaa wanawake wanaoshona, nyuzi nyekundu zikipepea nje.

Mbele ya Tororo kulikuwa na kizuizi. Askari akapanda juu ya gurudumu, akachungulia ndani, akauliza, "Nyinyi nabeba nini?" Mama Santa hakuinua macho. Akasema, "Afande, shika hapa." Akamkabidhi pembe ya mfarishi. Nadhani ilikuwa ile sauti. Askari alishika. Alisimama juu ya gurudumu la lori akivuta pembe ya mfarishi ili ikae sawa, bunduki mgongoni, wakati Mama Santa akimaliza pindo lenye urefu wa mkono mzima. Alipokata uzi kwa meno, akamwambia, "Kwisha. Shuka." Askari akashuka, akafungua kizuizi, na tulipokuwa tumekwenda kama mwendo wa kutupa jiwe nikamwona bado anaitazama mikono yake.

Tulifika Mbale jioni, tukalala kwa Nanyama, ambaye alipoambiwa kisa alilia, kisha akacheka, kisha akaniita Lehema tena. Alhamisi asubuhi tukatundika. Saa nne kasoro dakika saba, Mama Santa alihesabu mifarishi ukutani na kwenye meza, akapata hamsini na tisa. Akahesabu tena. Hamsini na tisa. Patience alikuwa amesimama kona ya banda, mkimya kuliko kawaida yake. Katika kuruka kwa lori, alikuwa ameshona pindo la mfarishi wa sitini pamoja na gauni lake mwenyewe la gomesi, mishono midogo, mizuri, isiyofumuka, kuanzia kiunoni hadi kwenye goti. Lango likafunguliwa. Mama Santa alimsimamisha mbele ya banda, akamwambia anyooshe mikono, na kwa saa ya kwanza ya maonyesho Jinja iliwakilishwa na mifarishi hamsini na tisa pamoja na Patience.

Sasa kuhusu herufi. R yenye kichwa, mguu na viatu, ukiitazama kwa mbali, ni B. Sote tuliliona hilo baada ya kutundika, na si kabla. Wageni waliingia, wakasoma LALA BAHA, wakauliza baha ni nini. Mimi nilijificha nyuma ya marobota. Mama Santa aliwajibu bila kupepesa kwamba baha ni raha iliyovaa viatu. Ofisa mmoja wa jeshi alicheka hadi akashika nguzo ya banda. Akasema kwamba hicho ndicho anachokijua yeye, kwa miaka kumi amelala na viatu miguuni, akanunua mitatu papo hapo. Wafanyabiashara wa Mbale walimwona Bwana Navin, aliyekuja kutazama maonyesho, akipita, wakaanza kumwita Bwana Baha. Alicheka mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu hakucheka.

Siku ya pili alikuja metroni wa hospitali moja ya misheni. Alikuwa mwanamke mwembamba, asiyetabasamu ovyo. Alivuta mishono, akanusa pamba, akaukunja mfarishi mara nne na kuufungua, akaukalia. Kisha akaagiza mifarishi themanini, na mingine themanini kwa mwaka unaofuata. Akafika mlangoni, akarudi, akasema kwa upole, "Lakini bila maandishi yoyote." Ukumbi ukabaki wa mifarishi. Wanawake kumi na mmoja wakabaki na kazi. Patience akafumuliwa.

Jumatatu, tarehe 15 Agosti, Bwana Navin alituita ofisini. Juu ya meza yake kulikuwa na barua mbili nilizozipiga chapa mimi mwenyewe wiki iliyotangulia, kila moja ikisubiri sahihi. Moja ilinithibitisha kazini. Ya pili ilimfanya Mama Santa kuwa Msimamizi. Oda ilikuwa imepatikana na sharti limetimizwa, lakini jina la Bwana Baha lilikuwa limemfuata hadi Jinja, na lilikuwa bado linamuuma. Akauliza ni nani aliyetoa maneno yale kwenda Mbale.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka mezani. Nilifungua mdomo. Najua nilifungua mdomo, kwa sababu nakumbuka ulivyokuwa mkavu.

"Mimi, bwana," akasema Mama Santa.

Bwana Navin alichukua kalamu. Aliitia sahihi barua yangu. Ya pili aliitia kwenye droo. Na mimi, Rehemah mwenye tuzo, nilipokea barua yangu kwa mikono miwili, nikasema asante, nikatoka. Niliona haya siku ile, na naona haya sasa ninapoandika.

Nilimfuata hadi kwenye cherehani yake. Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anatia uzi, akaniacha nisimame hadi ulipopita. Kisha akasema: "Wewe iko na miezi tatu hapa. Mimi iko na miaka ishirini na ine. Mimi yeye atakasirikia tu. Wewe atafukuza." Nikasema nitarudi ofisini nikaseme ukweli. Akasema nikirudi atasema mimi ni mwongo, na tuone nani ataaminiwa. Kisha akaniamuru niketi na kuandika oda ya metroni kwa karatasi, nakala tatu. Tangu siku hiyo hakuna neno lililotoka karakana hii kwa simu peke yake. Watu husifu utaratibu huo kuwa ni wangu.

Usimamizi alipewa Bwana Herbert, mtu mwema, ambaye anakiri mwenyewe kwamba alikuja kwetu akijua kushona vifungo viwili, na cha pili hakikukaa. Kwa miaka miwili alimuuliza Mama Santa kila jambo, akaandika majibu, akatia sahihi chini. Mama Santa hakuwahi kumnyima jibu. Mwaka 1996 Bwana Herbert alichoka kuuliza, akaenda Buwenge kufuga kuku, na siku ya kuaga alimkabidhi Mama Santa ufunguo kabla hata Bwana Navin hajasema. Hapo ndipo cheo kilipomfikia kwa maandishi.

Tangu wakati huo, ukumbi wa nyuma umetoka washonaji kumi na mmoja hadi ishirini na wanne. Nyumba ya Nanyama kule chini ya Wanale imekuwa tawi lenye cherehani sita na kibao mlangoni. Metroni anaagiza kila mwaka, na kila mwaka anatukumbusha: bila maandishi. Bwana Rakesh alipata stoo ya sabuni upande wa pili wa barabara, na mwaka jana alimnunulia binti yake mifarishi minne ya arusi, akabishana bei na Mama Santa, akashindwa. Wanawake thelathini na saba wamejifunza kazi chini ya jicho lake. Wote wanaweza kuuambia uzi ugeuke, na mara nyingi unageuka.

Sasa anakwenda nyumbani Kimaka kwa mumewe, Mzee Romano, ambaye amestaafu kabla yake na ambaye kwa miaka minne amekuwa akipanga sufuria zake anavyopenda. Tunampa Mzee pole mapema. Kuna pia shamba dogo njia ya Buwenge, la karanga na maharage, na tumesikia kwamba mistari ya karanga imekwisha kung'olewa mara moja na kupandwa upya kwa sababu ilipinda.

Mama Santa, kwa niaba ya Bwana Navin na Mama Hemlata, Bwana Rakesh, ukumbi wa nyuma wote, Nanyama na wenzake waliopanda gari la alfajiri kutoka Mbale ili wawe hapa, tunakushukuru. Umetufundisha kushona, na wengi wetu umetufundisha kwa kutufumua kwanza. Tumekuogopa vizuri na tumekupenda zaidi ya tulivyoweza kusema mbele yako, maana ungetuambia turudi kazini.

Nimebakiwa na jambo moja. Cheti utakachokabidhiwa Ijumaa nimekipiga chapa mimi. Bwana Navin aliniagiza niandike: Msimamizi wa Karakana, 1996 hadi 1999. Nimeandika: Agosti 1994 hadi Julai 1999. Herufi zote ziko sawa, nimezikagua mara tatu. Bwana Navin akisoma na kuuliza mbele ya wageni ni nani aliyetoa mwaka huo, nakuomba, Mama, uketi na unyamaze. Safari hii nitajibu mimi.

Nenda salama, Afande wetu. Miaka iliyo mbele yako iwe myema, iwe mirefu, na iwe yako.

Rehemah
Karani wa Karakana, Jinja